Finch Hatton: Mtu wa Takaungu Aliyefia Voi

Sisi watu wa pwani, wengi wetu twaijua Voi kwa kuipita. Basi la Nairobi husimama kitambo, abiria wakashuka kunyosha miguu na kununua ndizi, kisha safari ikaendelea. Mji hauna bahari wala hauna majahazi, na ukimwuliza mtu wa Mombasa kuna nini Voi, atakutajia vumbi jekundu, mkonge na ndovu, kisha akanyamaza. Lakini ilikuwa ni Voi hii, asubuhi ya Alhamisi tarehe 14 Mei 1931, zikiwa zimesalia siku chache tu Mfunguo Tatu wa mwaka 1349 umalizike, alipokufa Mwingereza mmoja ambaye jina lake limekwisha kuenea ulimwenguni kwa kitabu na kwa sinema. Naye alikuwa ametoka pwani, alikokuwa na nyumba yake Takaungu, mji wetu mdogo ulio kusini ya Kilifi. Jina lake lilikuwa Denys Finch Hatton. Pamoja naye alikufa mtu wa pili, na huyo nitamtaja mahali pake.

Habari za Finch Hatton zimeandikwa sana, na karibu kila aliyeziandika amemtazama akiwa amesimama Nairobi au Ulaya. Mimi leo nataka nimtazame kutoka huku kwetu. Huku ndiko mambo mawili yaliyokuwa yakigombana ndani ya maisha yake yalikokutana kwa mara ya mwisho, nayo ni bunduki na kamera.

Alizaliwa London tarehe 24 Aprili 1887. Baba yake alikuwa ni katika malodi wa Kiingereza, mwenye cheo cha Earl wa Winchilsea. Denys alikuwa mwana wa kiume wa pili, na hili si jambo dogo. Kwetu sisi Kurani imemgawia kila mtoto fungu lake, wa kwanza na wa mwisho, lakini kwa malodi wa Kiingereza cheo na ardhi humwendea mwana mkubwa, na mdogo hutoka kutafuta maisha yake ulimwenguni. Makoloni ya Waingereza yalijaa wana wa pili wa namna hiyo. Huyu alisomeshwa Eton, kisha chuo kikuu cha Oxford, na huko kote alisifiwa kwa urefu wake, kwa michezo na kwa ulimi wake mtamu, zaidi kuliko kwa bidii ya masomo. Nywele zilimtoka mapema, na kwa hivyo katika picha zake nyingi utamwona amevaa kofia.

Alipofika Afrika Mashariki alikuwa hajatimiza miaka ishirini na mitano. Alinunua ardhi upande wa Eldoret, akashirikiana na wenziwe katika biashara, lakini shamba na duka havikumkalisha mahali pamoja. Alipenda kutembea porini. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914 aliingia katika kikosi cha Wasomali kilichoongozwa na rafiki yake Berkeley Cole, na baadaye akawa msaidizi wa Jenerali Hoskins, akapata nishani ya Military Cross, akafuatana na jenerali huyo mpaka Iraki. Msomaji wa Taita Taveta hahitaji kukumbushwa vita vile vilikuwa nini: Wajerumani waliishika Taveta tangu mwezi wa Agosti 1914, na reli ya kutoka Voi kwenda upande huo ilijengwa mwaka 1915 kwa ajili ya kubeba askari na mizinga. Makaburi ya vita yako Voi na Taveta mpaka leo.

Mwaka 1918 ndipo alipokutana Nairobi na bibi wa Kidenmaki, Karen Blixen, ambaye alikuwa na shamba la kahawa chini ya milima ya Ngong. Bibi huyu alikuwa mke wa Bror Blixen, na ndoa yao ilifungwa Mombasa mwezi wa Januari 1914, siku ile ile bibi aliposhuka melini kutoka Ulaya au siku moja baadaye. Waliachana mwaka 1925. Finch Hatton akawa anafikia nyumbani kwake kila arudipo kutoka safari, ameweka vitabu vyake huko na santuri zake, na huyu bibi akimhadithia hadithi usiku. Sitaingia katika mambo yao ya faragha. Kwa mizani yetu yana hukumu yake, na kwa mizani yao pia watu wa Nairobi walisema. Nitataja jambo moja tu ambalo sinema haikulipa haki yake. Nyumba ile ilisimamiwa na Waislamu. Farah Aden, Msomali, ndiye aliyeshika funguo na fedha za yule bibi tangu siku aliyokanyaga nchi mpaka siku aliyoondoka. Na Finch Hatton naye alikuwa na Msomali wake, Bilea, aliyefuatana naye katika safari zake.

Kwa kazi alikuwa muwindaji wa kulipwa. Matajiri wa Ulaya na Marekani walikuja kwa meli, wakamlipa yeye awapeleke porini na kuwaonyesha simba na ndovu wa kupiga. Alikuwa hodari wa kazi hiyo kiasi kwamba mwaka 1928 Mwana wa Mfalme wa Uingereza, Edward, alipokuja kuwinda, Finch Hatton ndiye aliyechaguliwa amwongoze, na mwaka 1930 alichaguliwa mara ya pili.

Hapa ndipo kamera inapoingia. Mwishoni mwa miaka ya 1920 palizuka mtindo mbaya katika mbuga za Serengeti, upande wa Tanganyika. Wageni walikuwa hawashuki tena chini wakamfuata mnyama kwa miguu. Walimwendea simba kwa motokaa, naye simba hana hofu na motokaa, wakampiga wakiwa wamekaa juu ya viti. Finch Hatton aliandika katika gazeti la The Times la London kuupinga uchinjaji ule na kuitaka serikali iuzuie. Alikuwa ameanza kupendelea kamera, na akataka wateja wake nao waipendelee. Katika safari ya mwaka 1930 Mwana wa Mfalme alikuwa na hamu zaidi ya kupiga filamu kuliko kupiga risasi. Inasimuliwa kwamba siku moja kifaru aliwajia mbio hali Mwana wa Mfalme anampiga filamu, na Finch Hatton akamwangusha yule kifaru karibu kabisa nao. Mwana wa Mfalme akakasirika, kwa sababu picha yake imeharibiwa! Inasimuliwa pia kwamba Finch Hatton aliwahi kumnyatia kifaru aliyelala akambandika stempu za barua zenye kichwa cha mfalme matakoni, kwa ajili ya mzaha tu. Kama ni kweli, basi huo ni ushujaa wa mtu asiyejua mahali pa kuupeleka ushujaa wake.

Anayepiga picha wanyama hujifunza jambo moja upesi, kwamba mwangaza wa kazi ni wa alfajiri. Jua likishapanda, kila kitu huwa cheupe na kivuli hujificha chini ya mwenyewe. Muwindaji hulijua hilo pia, kwani simba hurudi kwenye mzoga wake kabla ya mapambazuko. Bunduki na kamera hutoka nyumbani saa moja.

Sasa turudi Takaungu. Wamazrui walipotolewa Mombasa na Sayyid Said mwaka 1837, tawi moja lilikwenda Gazi na tawi jingine likatua Takaungu. Hapo wakajenga na kulima, na wakatawala mpaka vita vyao na Waingereza vya mwaka 1895 na 1896 vilipowavunja nguvu. Aliyefika hapo katika miaka ya ishirini alikuta mji uliokwisha kupita kilele chake: mlango wa bahari wenye maji ya kijani, misikiti, nyumba za mawe, na magofu ya watu wa kale yenye kisima na mwembe. Finch Hatton akanunua kipande cha ardhi karibu na magofu hayo, juu ya bahari, akajenga nyumba isiyokuwa ya fahari. Karen Blixen aliitaja katika kitabu chake, na kurasa zile juu ya Takaungu ni katika kurasa zilizotulia kuliko zote. Mimi nazisoma kwa raha na kwa kinyongo kidogo, kwa sababu bahari imo, mawe yamo, mwezi umo, lakini watu wa mji wanapita kwa mbali mno. Na Takaungu ya miaka ile ilikuwa na masheikh wake, na manahodha wake, na wazee waliomkumbuka Aziz bin Rashid na vita vyake.

Mwaka 1930 alileta ndege yake mwenyewe kwa meli mpaka Mombasa, ndege ndogo ya mbawa mbili aina ya Gipsy Moth, yenye viti viwili vilivyo wazi juu. Urubani alikuwa amejifunza Misri mwishoni mwa vita. Ndege ile ilimfurahisha kama mtoto. Alimchukua Karen Blixen wakaruka juu ya milima ya Ngong, wakaona nyati kutoka juu. Na hapo akapata wazo jipya la kazi: kuwatafuta ndovu kwa ndege. Nyika ya Voi ni kubwa, vichaka vyake ni vya miba, na muwindaji anaweza kutembea wiki nzima asimwone ndovu mwenye pembe za haja. Mtu aliye juu angeweza kuwaona asubuhi moja, akashuka akawaambia walio chini wapite wapi.

Wazo hili lanitatiza. Mtu huyu alikuwa ameandika gazetini kwamba kumwendea simba kwa motokaa ni aibu. Vipi basi kumwendea ndovu kwa ndege? Wanaomsifu husema kwamba ndege ingewafaa wapiga picha pia, na mimi sikatai. Lakini wateja waliomlipa mwaka ule walikuwa bado wanataka pembe. Nadhani moyo wake ulikuwa umekwisha kuhamia upande wa kamera na riziki yake ilikuwa bado upande wa bunduki, na mtu wa namna hiyo tunamjua sote. Wamo katika kila mtaa.

Mwezi wa Mei 1931 aliondoka Nairobi kwa ndege kwenda pwani kuitazama nyumba yake, na kutoka huko apitie Voi. Karen Blixen, ambaye wakati ule shamba lake lilikuwa limekwisha kuuzwa kwa madeni, alitaka afuatane naye akaione bahari. Mwanzo alimkubalia, kisha akabadili shauri. Alimtaka pia Beryl Markham, bibi rubani kijana, afuatane naye Voi. Huyo naye alizuiwa na mwalimu wake wa urubani, Tom Campbell Black, aliyeingiwa na wasiwasi asioweza kuueleza. Huko pwani rafadha ya ndege ilipigwa na jiwe la matumbawe wakati wa kutua, ikadhurika, ikabidi apelekewe nyingine kutoka Nairobi pamoja na kijana wa kuifunga. Ilipokwisha kufungwa, Finch Hatton akamwambia yule kijana apande waende zao. Kijana alikuwa amezoea kuruka, na alikwisha kuruka na Finch Hatton mwenyewe zamani. Siku hiyo alikataa. Baadaye alimwambia Farah kwamba asingepanda hata kwa rupia mia. Waama nafsi huonyeshwa mambo, na ajali ina wenyewe.

Akaruka basi na mtumishi wake, Kamau, Mkikuyu. Wakatua Voi, na usiku ule Finch Hatton akalala kwa Bwana DC wa hapo, Vernon Cole.

Nilikwenda Voi kupiga picha za mitaa yake kwa ajili ya ukurasa huu, katika mfululizo wa miji midogo ya pwani na jirani zake. Mimi hupiga picha alfajiri, na nina sababu mbili. Moja ni ule mwangaza. Ya pili ni kwamba maalimu wangu wa chuoni hakupenda kabisa picha za wenye roho. Kuta, milango na njia hakuzikataza, na mazoea ya utotoni hayamtoki mtu hata akiwa na mvi. Basi baada ya sala nilitoka msikitini na kamera yangu. Voi ya saa hiyo si ile ya mabasi. Mitaa ni mitupu. Maduka ya zamani yamefunga milango yake ya mbao, vumbi limelala, na ukitazama magharibi unaona jua likishika kwanza vilele vya milima ya Taita, kisha likashuka polepole mpaka likafika kwenye mapaa ya mabati. Stesheni ya zamani ya reli inanyamaza. Tangu mwaka 2017 abiria wa gari-moshi jipya hushukia stesheni nyingine. Kilima cha Mazinga kinabaki cheusi kitambo kirefu. Mama mmoja alikuwa akiwasha moto wa mahamri, nikangoja mpaka ameingia ndani ndipo nikapiga.

Nilipozitazama picha zile baadaye niliona ni nzuri na kwamba zina upungufu. Mtaa umo, mwangaza umo, wala huwezi kujua kwamba kuna mtu aliyeamka kabla yako akakoka moto. Habari za Finch Hatton zimeandikwa hivyo hivyo.

Asubuhi ile ya tarehe 14 Mei 1931, Bwana na Bibi Cole walimsindikiza kiwanjani. Ndege ikapanda, Kamau akiwa katika kiti chake, ikazunguka juu ya kiwanja. Ilipokuwa futi mia mbili hivi kutoka ardhini ikayumba, ikaanguka, ikawaka moto. Watu walikimbia kuiendea lakini joto liliwazuia, wakawa wanarusha udongo na matawi juu ya moto. Walipoweza kusogea waliwakuta wote wawili wamekufa. Kwa nini ilianguka, kila mwandishi ana lake. Finch Hatton alikuwa na umri wa miaka arubaini na minne.

Huyo Kamau ndiye mtu wa pili niliyeahidi kumtaja. Vitabu nilivyosoma mimi vinamtaja kwa jina hilo moja, vinasema kabila lake na kazi yake, kisha vinamwacha pale pale motoni. Hakuna anayesema alikuwa mwana wa nani, alizaliwa kijiji gani, wala ni nani aliyepelekewa habari nyumbani kwao. Yule fundi wa Nairobi alikuwa na haki ya kusema hapana, na Beryl Markham alikuwa na haki hiyo. Sijui kama Kamau alikuwa nayo, maana kwa mtumishi wa mwaka 1931 neno la bwana lilikuwa ni amri. Kila alfajiri niliyosimama Voi nilimfikiri yeye zaidi kuliko bwana wake.

Nairobi habari zilifika upesi. Karen Blixen alikuwa mjini siku hiyo, na kila aliyekutana naye alimkwepa; mwenye duka alimgeuzia uso, rafiki akamwona akapita upande wa pili. Watu walikuwa wamekwisha kujua na hakuna aliyethubutu kumwambia. Alikwenda kula chakula cha mchana nyumbani kwa Lady McMillan, na baada ya kula ndipo alipoambiwa. Maiti ililetwa kwa reli kutoka Voi, ikazikwa kesho yake katika milima ya Ngong, mahali walipokuwa wamepachagua wenyewe wawili zamani, ambapo siku ya mbingu safi huonekana mlima wa Kenya upande mmoja na Kilimanjaro upande wa pili. Mvua ilikuwa ikinyesha, na barabara ilikuwa tope tupu.

Karen Blixen aliondoka nchini mwaka huo huo, na gari-moshi lililomchukua kwenda Mombasa lilimpitisha Voi, kwani njia nyingine haikuwapo. Kitabu chake kilitoka mwaka 1937, na sinema iliyotengenezwa kwa kitabu hicho ikatoka mwaka 1985, ikapata zawadi saba za Oscar, na Finch Hatton akachezwa na Mmarekani Robert Redford, ambaye nywele zake zilikuwa nyingi. Ama ile kazi ya kutafuta ndovu kwa ndege, Beryl Markham ndiye aliyeiendeleza baadaye, akiwatafutia wawindaji wa Bror Blixen. Mbuga ya Tsavo ikatangazwa mwaka 1948, na mwezi wa Mei 1977 serikali ya Kenya ikapiga marufuku uwindaji wa michezo nchini kote. Magari yanayoingia kwa lango la Voi alfajiri siku hizi hubeba kamera. Katika Tsavo Magharibi kuna kambi ya watalii yenye jina la Finch Hatton.

Baada ya mazishi, Karen Blixen aliandikiwa barua kwamba simba wawili, dume na jike, huonekana asubuhi na jioni wamelala juu ya kaburi lile la Ngong, mahali ambapo ardhi ilikuwa imesawazishwa. Kaka yake, aliyerithi cheo cha baba yao, alijenga mnara juu yake na kuweka bamba la shaba lenye jina la marehemu, miaka yake miwili, na mstari mmoja wa shairi la Kiingereza juu ya kuwapenda watu, ndege na wanyama. Jina la Kamau halimo.